Bandeji ya ekzosi: kinga ya joto au utambi wa moto?

*Madereva wa malori wanaipenda kwa sababu inapoza kabini na kuokoa hozi. Ila chuma kinaweza kuathirika ndani yake, na ikinywa oili inaweza kuwasha gari zima.*

Kabini imeinuliwa, injini iko wazi. Fundi amechuchumaa pembeni ya ndoo ya maji, anavuta mkanda wa kijivu wenye upana wa vidole vitatu, unachuruzika, kisha anauzungusha kwenye bomba la ekzosi. Kila mzunguko unaulalia kidogo ule uliotangulia, kama mganga wa viungo anavyofunga mguu ulioteguka. Ameshusha mikono ya shati na kuvaa glavu, maana nyuzi za mkanda huo zikigusa ngozi huwasha kama upupu.

Gereji iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na mlima Kitonga bado uko mbele. Lori ni la Ulaya, lile la uso bapa, lililokuja mtumba, na limefunga trela. Dereva ana malalamiko mawili: sakafu ya kabini inaunguza miguu, na hozi zilizo jirani na ekzosi hazimalizi mwaka kabla hazijakauka na kupasuka. Amenunua roli tatu za mkanda, mita 15 kila moja. Anataka vyote vifungwe: manifoldi, tabo, na bomba zima mpaka kwenye sailensa.

Fundi anakataa. Atafunga kipande cha bomba kinachoshuka kutoka kwenye tabo, basi. Manifoldi haigusi. Dereva anamkumbusha kwamba mkanda kanunua yeye. Utingo amekalia tairi la akiba, anasikiliza bila kusema neno.

Ubishi huo haukuanzia hapo. Wenye pikapu za dizeli kule Marekani wanabishana hivyo hivyo, na mainjinia wa meli walilazimika kuumaliza kwa sheria kwa sababu moto baharini hauna pa kukimbilia. Kwenye malori yetu umeachwa kati ya fundi na dereva, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye haraka.

Joto linakotoka

Katika kila lita ya dizeli inayochomwa, karibu theluthi moja ya nguvu yake hutoka kupitia ekzosi ikiwa joto. Lori likiwa limesimama linanguruma taratibu, gesi inayotoka huwa na nyuzi 100 hadi 200 za Sentigredi. Likipandisha mlima likiwa na mzigo, gesi inayoingia kwenye tabo hupita nyuzi 600, na wenye vipimajoto vya ekzosi huanza kupunguza mafuta mshale unapokaribia nyuzi 700.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56 kwa ekseli saba. Uzito huo ukipanda Kitonga kwa gia nzito, injini inapewa mafuta mengi huku mwendo ukiwa mdogo na upepo wa kupoza chini ya kabini ukiwa haba. Hapo ndipo manifoldi hubadilika rangi usiku na kuonekana nyekundu iliyofifia.

Joto hilo haliendi kwa kugusa tu. Chuma cha moto hurusha joto kama mkaa, na urushaji huo hupanda kwa kasi kuliko watu wanavyodhani. Bomba lenye nyuzi 600 hurusha joto zaidi ya mara tano ya bomba lile lile likiwa na nyuzi 300. Ndiyo maana hozi iliyokaa salama miaka miwili kwenye gari la tambarare hupasuka ndani ya miezi michache gari likihamishiwa njia ya milima.

Kwenye lori la uso bapa dereva anakaa juu ya injini. Nyuma ya kiti kuna kitanda, na chini ya kitanda kuna ekzosi. Anayetaka joto la sakafu lipungue hajadekezwa. Mtu asiyelala vizuri Ruaha Mbuyuni, kabla ya kupanda mlima, ndiye huyo huyo anayetakiwa kuwa macho kwenye kona za Kitonga.

> Bomba lenye nyuzi 600 hurusha joto zaidi ya mara tano ya lile lenye nyuzi 300.

Kilichomo ndani ya mkanda

Mikanda yote inafanana ikiwa kwenye roli, lakini haitoki tumbo moja. Ya bei nafuu ni nyuzi za kioo, na huvumilia takriban nyuzi 540 kwa muda mrefu. Ikipakwa madini ya vamikulaiti inavumilia zaidi. Ipo ya rangi ya shaba iliyofumwa kwa nyuzi za basalti, yaani mwamba wa volkano ulioyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Juu yao kuna za silika, na mwisho kabisa nyuzi za kauri zinazotumika kwenye matanuri.

Linganisha basi: manifoldi ya lori lililobeba mzigo ina gesi ya nyuzi 600 na zaidi, mkanda wa kawaida wa kioo unavumilia 540. Baada ya safari kadhaa mkanda huo hukauka, ukawa mwepesi kama karatasi iliyoungua, na ukiugusa unamomonyoka. Huku chini, baada ya tabo, gesi imekwisha kutumia sehemu ya joto lake kuzungusha tabo na imeshuka nyuzi 100 au zaidi. Hapo mkanda ule ule unaishi.

Kuna jina moja linalopaswa kuogopwa kuliko bei. Mafundi wa zamani huita kitambaa chochote cheupe cha kukinga joto asbesto, na zamani kweli kilikuwa asbesto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka asbesto katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa wake wa utando wa mapafu huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, hivyo kijana anayepulizia vumbi lake leo kwa mpira wa upepo anaweza kuugua mapafu akiwa babu. Afrika Kusini, iliyowahi kuichimba kwa wingi, iliipiga marufuku mwaka 2008.

Nyuzi za kioo zinazofumwa mikanda hazimo katika kundi hilo. Kero yake kubwa ni kuwasha ngozi, macho na koo. Za kauri zimewekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Anayebandua mkanda mkuukuu ambao hajui ulifungwa na nani aulowanishe kwanza, avae barakoa ya vumbi, na asiupulize kwa kompresa. Mafundi wengi hufanya kinyume, kwa sababu kompresa iko karibu kuliko barakoa.

Kwa nini wapo wanaoutetea

Hoja ya wanaofunga mkanda ina msingi. Tabo haizungushwi na moshi mtupu. Inazungushwa na gesi yenye joto na msukumo. Gesi ikipoa njiani hupungua ujazo na nguvu. Bomba likifungwa kabla ya tabo, joto zaidi linafika kwenye panga za tabo, nayo inaitika upesi dereva anapokanyaga mafuta. Kwenye injini zenye mabomba marefu kutoka kila upande wa silinda kwenda tabo iliyo nyuma, kama zile za V8 za pikapu za Marekani, tofauti inaweza kusikika.

Kwenye lori la silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hali ni nyingine. Tabo imefungwa moja kwa moja kwenye manifoldi, gesi inasafiri kipande kifupi mno kuweza kupoa. Anayetumaini kwamba bandeji itamwongezea nguvu Kitonga ananunua matumaini.

Hoja yenye uzito zaidi inatoka kwenye malori mapya. Mengi yanayotimiza viwango vya moshi vya Ulaya, Euro 5 na Euro 6, yana mtambo unaopuliza maji ya AdBlue ili kuvunja gesi chafu za naitrojeni, na ya Euro 6 yana pia chujio la masizi. Mtambo huo haufanyi kazi sawasawa ekzosi ikiwa chini ya takriban nyuzi 200, na chujio likitaka kujisafisha huhitaji nyuzi 550 hadi 650. Kwa hiyo viwanda vyenyewe hukinga mabomba hayo yasipoteze joto.

Lakini tazama wanavyofanya. Hawazungushi kitambaa. Wanatumia bomba la kuta mbili lenye nafasi ya hewa katikati, au blanketi la nyuzi lililofunikwa kabisa kwa bati jembamba la chuma kisichoshika kutu. Bati hilo ndilo kiini cha makala hii.

Chuma nacho kina kikomo

Manifoldi ya lori imetengenezwa kwa chuma cha kusubu. Chuma hicho kikitoka nyuzi 30 asubuhi na kufika 630 mlimani, kila mita moja yake hurefuka karibu milimita 7. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo sababu manifoldi za injini nyingi kubwa za silinda sita huja vipande vitatu vilivyochomekana, ili viweze kuteleza. Hata hivyo stadi, yaani boliti zinazoibana manifoldi, za mwanzo na za mwisho ndizo zinazokatika mara kwa mara, kwa kuwa mwendo wote wa kurefuka na kusinyaa hukusanyika pembeni.

Manifoldi iliyo wazi hutoa joto pande zote, ikabaki na ubaridi kidogo kuliko gesi iliyomo ndani. Ukiifunga, unaifungia njia ya kupumua. Chuma kinapanda kukaribia joto la gesi. Mwendo wa kurefuka unaongezeka, gasketi inasagika, na ufa unajitokeza kati ya matundu. Mbaya zaidi, ufa ukiwa chini ya bandeji hauonekani. Dereva anasikia tu mlio wa tiki-tiki asubuhi injini ikiwa ya baridi, chuma kikipata moto ufa unajibana na mlio unapotea.

Bomba la chuma cha kawaida, kile kinachochomelewa na mafundi wa sailensa mitaani, lina adui wa namna mbili. Likipita nyuzi 500 na ushee huanza kubanduka magamba. Likipoa, mkanda uliolowa mvua hulishika kama nguo mbichi iliyofungwa mwilini, na kama gari linatoka bandarini Mombasa au Dar es Salaam maji hayo yana chumvi. Watengenezaji kadhaa wa manifoldi za mabomba hufuta dhamana mteja akizungushia mkanda.

Tabo ina kisa chake. Oili inayolainisha shafti yake, inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, ndiyo pia inayoipoza. Dereva akizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili inasimama lakini joto linabaki. Oili iliyotulia inaungua na kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Ndiyo maana wakongwe huiacha injini ingurume dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima. Ukiifunga tabo blanketi, joto hilo linakaa zaidi, na dakika hizo haziwezi tena kurukwa.

Utambi

Hatari kubwa kuliko zote si ufa. Chukua kipande cha mkanda mkavu, kishike wima, dondosha tone moja la oili kwenye ncha ya chini. Doa halikai pale lilipoangukia. Linapanda polepole, linanyonywa na nyuzi, na baada ya muda mfupi limeenea sehemu kubwa. Yeyote aliyewahi kuwasha kibatari anaujua mwendo huo.

Dizeli hujiwasha yenyewe, bila cheche, kwenye nyuzi 210 na kuendelea. Oili ya injini huhitaji zaidi kidogo. Kwenye chuma kitupu, tone linaloanguka mara nyingi huteleza, likatoa moshi na kupotea kabla ya kushika. Kwenye mkanda halitelezi. Linatandazwa juu ya maelfu ya nyuzi nyembamba, hewa inapita katikati, mafuta yanaungana na oksijeni taratibu na kuzalisha joto lao wenyewe, na joto hilo halina pa kutokea kwa sababu mkanda kazi yake ni kuzuia joto. Nyuzi zinapanda. Mkanda wenyewe hauungui, ni kioo. Kinachoungua ni kile ulichokunywa.

Ndiyo sababu moto wa namna hii unaweza kuzuka gari likiwa limeegeshwa, upepo wa safari umekwisha, dereva yuko hotelini anakula.

> Mkanda wenyewe hauungui. Kinachoungua ni kile ulichokunywa.

Juu ya ekzosi ya lori kuna nini? Paipu ya oili inayoingia kwenye tabo na nyingine inayotoka, paipu za dizeli za nozeli, wakati mwingine hozi ya mafuta ya usukani. Kwenye gari lililotembea kilomita milioni moja, kukuta zote zikiwa kavu ni bahati.

Dunia ya meli ilishafikia uamuzi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila sehemu yenye joto la zaidi ya nyuzi 220 inayoweza kurukiwa na mafuta mfumo ukiharibika iwekewe kinga. Na kinga hiyo ikiwa ya kunyonya mafuta, lazima ifunikwe kwa bati au kitu kinacholingana nalo. Meli zinazotia nanga kwenye bandari zetu zinatembea kwa kanuni hiyo.

Mabasi nayo yana yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 107 inakataza kuweka kwenye chumba cha injini kitu chochote kinachoweza kulowa mafuta au oili, isipokuwa kimefunikwa kwa ngozi isiyopenyeza. Haikutungwa bure. Utafiti wa mabasi ya Norway na Sweden ulikuta karibu asilimia 1 ya mabasi hupata moto kila mwaka, na moto mwingi ulianzia kwenye injini.

Kwa magari ya mizigo ya hatari, mkataba wa Ulaya wa ADR unadai ekzosi inayopita chini ya tangi la dizeli iwe mbali nalo angalau milimita 100, au iwepo kinga ya joto katikati. Malori ya mafuta yanayopanda Kitonga yakienda Zambia na Kongo yana kila sababu ya kutimiza kipimo hicho, hata kama hakuna askari anayekipima.

Bati lililotupwa pembeni

Turudi gerejini. Fundi aliyekataa kufunga manifoldi ameingia nyuma ya kontena na kutoka na kipande cha bati kilichopinda, chenye kutu na matundu manne ya boliti. Ni kinga ya joto iliyokuja na gari la aina hiyo kutoka kiwandani. Ilitolewa siku ya kubadilisha gasketi, boliti zikakatika, hakuna aliyerudisha. Malori mangapi yanatembea bila bati lake kwa sababu ya boliti nne?

Bati hilo linafanya kazi ambayo mkanda hauwezi. Limekaa mbali na chuma kwa nafasi ya kidole, hewa inapita, joto linarudishwa lilikotoka, manifoldi inaendelea kupumua. Halinywi oili. Halishiki maji. Likiharibika linaonekana.

Kuna jambo la pili ambalo mkanda hulificha. Ekzosi yenye joto kuliko kawaida mara nyingi ni homa, na homa haitibiwi kwa bandeji. Chujio la hewa lililojaa vumbi, hozi ya intakula inayovuja, nozeli zinazomwaga mafuta badala ya kuyapuliza, tabo iliyochoka, sailensa iliyoziba, mzigo uliozidi: kila kimoja hupandisha joto la gesi. Mwenye gari anayenunua roli tatu za mkanda kabla ya kununua chujio moja la hewa ameanza mwisho.

Je, mkanda hauna nafasi? Unayo. Kipande cha bomba baada ya tabo kinachopita karibu na sakafu ya kabini, na pale waya au hozi isipoweza kuhamishwa, ukifungwa vizuri husaidia kweli. Uwe wa daraja linalolingana na joto la mahali pale. Ufungwe kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Usipitishwe juu ya kile kipande cha bomba cha kunyumbuka, kwa sababu kazi yake ni kucheza. Injini ioshwe kwanza, na kila mahali panapodondosha pazibwe kabla ya roli kufunguliwa. Ukilowa oili hata mara moja, ukatwe utupwe, haufuliki.

Ndicho kilichofanyika mwishowe siku ile. Dereva alikubali shingo upande. Roli moja ikatumika, mbili zikarudishwa nyuma ya kiti. Bati likanyooshwa kwa nyundo na kurudishwa juu ya manifoldi kwa boliti mpya. Paipu ya oili ya tabo ilikutwa imelegea, ikakazwa.

Injini ilipowashwa, bomba lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya plastiki, na utingo akaruka kutoka kwenye tairi. Fundi alimtuliza. Gundi inayoshika nyuzi za mkanda mpya huungua mara ya kwanza, na moshi huo huisha mkanda ukishapata moto sawasawa. Dereva unayesoma haya, kumbuka hilo: moshi wa siku ya kwanza ni wa mkanda. Ukiuona tena siku ya tatu, ni wa oili au dizeli. Egesha, zima injini, shusha mtungi wa kuzimia moto, uwe nao mkononi kabla hujainua kabini.